Kompyuta ya gemu kwa mtoto: uliza draiva kabla hujatoa hela

Leo tunaacha homa na chanjo kidogo. Tangu likizo ianze inboksi yangu imejaa swali moja: "Nesi, kijana anataka kompyuta ya gemu. Mjomba wake anasema tununue iliyotumika, tuweke Linux kwa sababu ni bure. Nikubali?"

Mimi si fundi, ni nesi. Ila kompyuta ya nyumbani kwangu ina Linux mwaka wa nne sasa, niliiweka mwenyewe, na wanangu wanaichezea gemu kila Jumamosi baada ya kufua soksi zao. Kwa hiyo nina maoni, na leo nayatoa yote. Chukua chai, ni ndefu.

1.
Jibu langu ni ndiyo, Linux inafaa, hata kwa gemu. Lakini kadi ya grafiksi ndiyo itaamua kama mtafurahi au mtagombana. Na kwenye kadi, swali la kwanza lisiwe "ina GB ngapi?" Liwe hili: draiva yake iko mikononi mwa nani?

Kadi ya grafiksi ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye skrini. Draiva ni programu inayoiambia kompyuta namna ya kuitumia hiyo kadi. Kadi nzuri isiyo na draiva nzuri ni kama dripu bila mshipa. Dawa ipo, imening'inia pale juu, na mgonjwa haipati.

2.
Kwenye Linux, draiva ziko za aina mbili kubwa.

Za kwanza ni za wazi. Yaani maandishi ya programu yenyewe yako hadharani, mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuyasoma na kuyarekebisha. Kadi za AMD na za Intel ziko hivi. Sehemu moja ya draiva imo ndani ya Linux yenyewe, sehemu nyingine imo kwenye mradi unaoitwa Mesa, ulioanzishwa na Brian Paul mwaka 1993. Kwa mama maana yake ni hii: unaweka Linux, unawasha, skrini inafanya kazi. Hakuna cha kupakua, hakuna fundi wa kumbembeleza.

Za pili ni za kufungwa. Mwenye kiwanda anakupa programu tayari, lakini haonyeshi kilichomo. Huko ndiko NVIDIA walikokaa kwa miaka mingi.

3.
Naomba mnielewe vizuri hapa, maana najua kuna wanaoipenda NVIDIA kama timu ya mpira. Kadi zao zina nguvu, sibishi. Shida ni kumtegemea mtu mmoja. Kadi ikizeeka, yeye ndiye anayeamua lini aache kuihudumia. Kadi za GTX 600 na nyingi za GTX 700, kwa mfano, ziliishia kwenye draiva za namba 470. Linux inasonga mbele, wao wamebaki kituoni.

Wako waliojitolea kutengeneza draiva ya wazi ya NVIDIA, inaitwa Nouveau. Walifanya kwa kuchunguza kadi inavyofanya kazi, bila kupewa maelezo kamili. Kuanzia familia ya GTX 900, iliyotoka mwaka 2014, kadi inadai programu yenye saini ya kiwanda kabla haijaongeza mwendo. Matokeo yake, kwa Nouveau kadi hizo na za GTX 1000 zinatembea kwa mwendo wa chini sana. Mtoto anafungua gemu, picha zinakatakata.

Linus Torvalds mwenyewe, aliyeanzisha Linux, mwaka 2012 alipokuwa chuoni Aalto kule Finland aliilalamikia kampuni hiyo mbele ya watu na kuionyesha kidole ambacho sisi hatuwaonyeshi watoto. Mimi nisingefanya hivyo, mama yangu yupo hai. Lakini hasira ninaielewa.

Tuseme na mazuri pia. Mei 2022 NVIDIA walifungua sehemu ya draiva yao, ile inayokaa ndani kabisa ya mfumo, kwa kadi za GTX 16 na RTX 20 kwenda juu. Kwa hiyo RTX leo si mbaya kwenye Linux. Ila hata hapo, ili gemu ziende vizuri wengi bado wanaweka draiva ya kiwanda. Kama huna mtu wa karibu wa kukusaidia, anza na AMD au Intel.

4.
"Lakini nesi, si wanasema Linux haina gemu?" Zamani ilikuwa kweli. Mambo yalibadilika Agosti 2018, kampuni ya Valve, wenye duka la gemu la Steam, walipotoa Proton. Hiyo ni programu inayotafsiri: gemu iliyoandikwa kwa Windows inadhani iko Windows, kumbe iko Linux. Februari 2022 wakaanza kuuza Steam Deck, mashine ya gemu ya kushika mkononi. Ndani ina Linux na chipu ya AMD. Mtu anayeuza gemu kwa riziki yake alipochagua mfumo na draiva za kutumia, alichagua za wazi. Mimi hilo linanitosha.

Kuna tovuti inaitwa ProtonDB. Unaandika jina la gemu, unaona wachezaji wengine wanasema inaendaje kwenye Linux. Dakika mbili tu. Fanya hivyo kabla ya kununua chochote.

5.
Sasa upande mchungu, na tafadhali usiuruke.

Gemu nyingi za kushindana mtandaoni zina programu ya kuzuia wadanganyifu, na baadhi ya wenye gemu hawajairuhusu Linux. Fortnite haichezeki. Valorant haichezeki. Zile za mpira za EA kuanzia FIFA 23 hazichezeki. Roblox haina toleo rasmi la Linux. Hapo hata kadi iwe ya mamilioni, hairuki huo ukuta, kwa sababu shida haiko kwenye kadi.

Kwa hiyo muulize mtoto kwanza: unataka kucheza nini, na nani? Kama marafiki zake wote wako Fortnite, usimdanganye kwamba Linux itamfikisha. Mtoto wa miaka kumi na mbili anasamehe kompyuta ndogo. Hasamehi kuahidiwa kitu ambacho mama alijua hakipo. Mwambie ukweli, kisha muamue pamoja.

Zinazokwenda ni nyingi. Minecraft ya Java inakwenda bila tafsiri yoyote. SuperTuxKart, mashindano ya vigari, ni ya bure. Kwa wadogo kuna GCompris, ina hesabu, herufi na michezo ya kufikiri kwa watoto wa miaka 2 hadi 10, na Tux Paint ya kuchora. Zote hizi hazihitaji kadi kubwa.

6.
Haya, tununue nini? Hapa ndipo pana habari njema kwa mfuko wetu.

Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache. Maana yake kompyuta za ofisini za kizazi cha 6 na cha 7, nzima kabisa, zinaonekana kama zimepitwa na wakati. Kwa Linux hazijapitwa. Draiva zake za wazi zipo na zinaendelea kutunzwa.

Lakini usishuke chini ya kizazi cha 6. Proton ya sasa inategemea kitu kinaitwa Vulkan, lugha ambayo gemu hutumia kuzungumza na kadi. Grafiksi ya Intel ya kizazi cha 4 ina Vulkan isiyokamilika, kwa hiyo gemu nyingi za Proton zitagoma. Na kizazi cha 4 ndicho kinachouzwa kwa bei ya kuvutia! Kukijua ni rahisi: angalia namba ya prosesa. i5-4570 ni kizazi cha 4, i5-6500 ni cha 6. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayosema.

Grafiksi ya Intel iliyomo ndani ya prosesa itabeba gemu nyepesi na za zamani, si zile nzito. Ukitaka zaidi kidogo, tafuta Ryzen yenye herufi G mwishoni, kama 2400G au 5600G, zina grafiksi ya AMD humo humo. Kadi ya pembeni kama RX 570 au 580 pia bado iko vizuri, ila inataka pawasaplai ya kutosha. Kasha dogo la ofisini haliimudu. Kwa kasha hilo, RX 550 fupi inayokula umeme kidogo ndiyo saizi yake.

Na kamsaada kadogo: grafiksi ya ndani inaazima RAM ya kompyuta. Vijiti viwili vya GB 4 vinaipa mwendo kuliko kijiti kimoja cha GB 8. Muulize muuzaji vimo vingapi.

7.
Namna ya kupima dukani. Mwambie mjomba aje na flashi yenye Linux Mint au Ubuntu. Kompyuta inawashwa kutoka kwenye flashi, bila kugusa chochote kilichomo ndani. Nenda kwenye taarifa za mfumo, soma jina la grafiksi. Cheza video, unganisha Wi-Fi, sikiliza sauti. Ikiandika "llvmpipe" ujue draiva ya kadi haijashika, prosesa ndiyo inayochora yenyewe kwa jasho. Muuzaji akikataa usiwashe flashi, shukuru, ondoka. Maduka yapo mengi.

Na draiva zichukueni kutoka kwenye Linux yenyewe, si kwenye tovuti za ajabu ajabu. Mint ina sehemu yake ya kusimamia draiva. Dawa tunachukua dirisha la dawa, hatununui kwa anayepita kwenye basi.

8.
Kwa nini nesi anaandika yote haya? Kwa sababu ya kilichompata mwenzangu wa zamu. Alichangisha hela ya mchezo wa kina mama, akanunua "kompyuta ya gemu" yenye taa za rangi. Ndani kulikuwa na Windows isiyo halali na gemu za kukrakiwa, na kinga ya virusi ilikuwa imezimwa ili hizo gemu zifunguke. Miezi miwili, akaunti ya baruapepe ya familia ikachukuliwa na watu wasiojulikana. Muuzaji akasema hahusiki. Mtoto akachapwa kwa kosa ambalo si lake.

Hicho ndicho kinachoniuma. Tunadhani tunanunua burudani, kumbe tunaweka kitasa kibovu kwenye mlango wa nyumba. Wengine mtasema dawa ni kuwanyima watoto gemu kabisa. Mimi sikubaliani. Mtoto anayecheza sebuleni, kwa saa mlizokubaliana, kwenye mashine ambayo mama anajua kilichomo, yuko salama kuliko anayecheza kibandani asikojulikana na nani amekaa naye.

Na kuna faida nyingine. Mwanangu wa kwanza, kwa kutaka gemu yake iende vizuri, amejifunza kusasisha mfumo, kusoma ujumbe wa kosa na kutafuta jibu bila kulia. Sikumlipia kozi yoyote.

Basi mpangilio ni huu: gemu kwanza, kadi pili, draiva tatu, hela mwisho. Maduka mengi yatakutaka uanze na hela. Wakatalie kwa upole.

Andikeni hapo chini namba ya prosesa na jina la kadi mliyoonyeshwa dukani, nitajibu nikitoka zamu ya usiku. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu: mtoto anayekataa kula. Mlale salama.