Mzuka wa Halloween na Mota ya Waipa

Kila tarehe 31 Oktoba, usiku wa Halloween, Wamarekani wengi hupamba nyumba zao kwa mizuka waliyoiunda wenyewe. Wapo wasomi wanaoudharau ufundi huo kuwa ni mchezo wa watoto. Mimi siafikiani nao.

Mzuka unaoinuka na kuzama ndani ya jeneza mara nyingi huendeshwa na mota ya waipa iliyong'olewa katika gari bovu. Mota hiyo ya volti 12 ina gia za kupunguza kasi na kuongeza nguvu, lakini yenyewe huzunguka tu. Fundi huifungia mkono mfupi, kisha huuunga mkono huo kwa fito na mzuka uliowekwa katika reli. Mkono wa sentimita 5 huuinua mzuka sentimita 10, wala si zaidi. Tena mwendo si wa kasi moja: mzuka ukaribiapo kikomo, juu au chini, hupunguza kasi, husita, ndipo hugeuka. Kusita huko ndiko kunakoufanya uonekane hai.

Kanuni ya mwendo huo nimeiandika ubaoni miaka mingi. Wanafunzi wangu huinakili na kufaulu mtihani, na wengi hawajapata kufunga mkono hata mmoja kwenye mota. Safari hii nimewaagiza waje na bisibisi.