Kadi ya utotoni na safari ya kurudi Marekani

Hebu hesabu katika ploti unayoishi. Ni watoto wangapi waliowahi kuishi ughaibuni wakarejeshwa huku wakiwa bado hawajang'oa meno ya utoto? Mimi nilihesabu kwetu nikapata watatu. Wazazi wao walikwenda Marekani pamoja nao, wakapewa ukaazi wa kudumu wote, kisha baada ya miaka michache wakaona mtoto anajibu wakubwa vibaya na lugha ya nyanya yake haijui. Karo ya kule nayo, na pesa za kumlipa mtu wa kumtunza mtoto mzazi akiwa kazini usiku, hazikamatiki. Basi wakamtia ndegeni, akaja kusomea shule ya bweni huku, nao wakabaki kutafuta riziki.

Watoto hao sasa ni watu wazima, na wanataka kurudi.

Majuzi alinijia binti mmoja wa miaka 19, ameandamana na nyanya yake. Alipelekwa Minnesota akiwa na miaka minne, akarudishwa akiwa na miaka tisa. Nyanya akafungua fundo la leso, akatoa kadi ndogo yenye picha ya mtoto aliyesukwa nywele mistari minne.

"Mwanangu," akaniambia, "hii nimeitunza miaka kumi. Haijawahi kushika maji."

"Anti," binti akadakia, "najua imeisha muda. Lakini nikiifanya upya tu, si nitaingia?"

Hapo ndipo wengi wetu hupotea njia. Kadi ya kijani, ambayo watu huiita grinikadi, ni kitambulisho. Ukaazi wenyewe ni kitu kingine. Kuna mtu ambaye kadi yake imeisha na bado ni mkaazi halali. Na kuna mwingine ambaye kadi yake imebakisha miaka sita lakini ukaazi umekufa zamani, naye hana habari. Maafisa wa uhamiaji wa Marekani huuliza nia: ulipoondoka, ulikuwa unatembea tu ukirudi, au ulikuwa umehama?

Kukaa nje kwa zaidi ya miezi sita kunaanza kuleta maswali uwanjani. Ukipitisha mwaka mmoja, kadi hiyo haitoshi tena kukuingiza. Ipo hati maalumu ya kuingia tena nchini ambayo huweza kudumu hadi miaka miwili, lakini ni lazima uiombe ukiwa bado katika ardhi ya Marekani. Niambie ni mzazi gani, akihangaika na tiketi na masanduku ya mtoto, aliyekumbuka kuomba karatasi hiyo!

Aliyechelewa hubakiwa na mlango wa viza ya mkaazi anayerejea. Huombwa katika ubalozi, kwetu ni kule Gigiri, kwa fomu inayoitwa DS-117. Mwombaji hutakiwa kuonyesha kwamba alikuwa mkaazi halali alipoondoka, kwamba aliondoka akikusudia kurudi na hajaliacha kusudi hilo, na kwamba kilichomchelewesha kilikuwa nje ya uwezo wake. Hilo la mwisho ndilo kisiki. Ugonjwa mzito waweza kueleweka. Lakini adabu njema na karo nafuu ni mambo ambayo mzazi aliyachagua mwenyewe, hata kama alichagua kwa mapenzi.

Lakini mtoto wa miaka tisa ana nia gani, utauliza. Swali hilo limekwisha kufika mahakamani. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ya Duru ya Tisa kule Marekani iliamua kesi ya kijana wa Kiirani ambaye wazazi wake, wakiwa wakaazi wa kudumu, walimchukua wakarudi naye Iran akiwa mdogo. Baba aliugua moyo, miaka ikapita, na kijana akarejea Marekani akiwa mtu mzima. Serikali ikasema ukaazi wake ameutupa. Majaji wakasema nia ya mtoto ni nia ya wazazi wake mpaka atimize miaka 18, na ya kuwa serikali haikuwa imethibitisha vya kutosha kwamba wazazi hao waliutupa. Kijana akashinda.

Usiruke kwa furaha, lakini. Kijana huyo alikuwa mbele ya jaji, ambako ni serikali inayobebeshwa mzigo wa kuthibitisha. Ukiwa Gigiri, mzigo ni wako. Tena kuanzia siku ya kutimiza miaka 18, kila mwezi unaokaa kimya unahesabiwa kuwa ni wako, si wa baba wala mama. Binti wetu alikuwa amekaa kimya mwaka mzima na zaidi akingoja matokeo ya mtihani na kazi ya duka la binamu.

Nikamuuliza swali ambalo halikuwa limempitikia: baba yako alikula kiapo cha uraia lini?

Sikuuliza kwa udaku. Tangu tarehe 27 Februari 2001, mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye ukaazi wa kudumu, anayeishi Marekani chini ya malezi ya mzazi wake, huwa raia papo hapo mzazi huyo anapopata uraia. Haombi, na wala hahitaji kuapa. Kuna vijana humu mjini wanaohangaika kutafuta ukaazi ilhali wao ni Wamarekani tangu wakiwa darasa la pili, na wanachohitaji ni pasipoti tu!

Akampigia baba yake simu pale pale. Jibu: aliapa miaka miwili baada ya binti kurudishwa Kenya. Nyanya akapiga funda la mate. Miaka miwili tu.

Hata hivyo baba sasa ni raia, na binti hajafika miaka 21 wala hajaolewa. Raia huweza kumwombea mtoto wa namna hiyo viza ya uhamiaji bila kusubiri foleni, na umri huhesabiwa siku ombi linapowasilishwa. Binti akitimu 21 kabla ya ombi kuingia, ni foleni ya miaka. Akiolewa, foleni hurefuka zaidi. Lau baba angekuwa na grinikadi tu, binti akiolewa mlango huo ungefungwa kabisa.

"Lakini mimi sitaki mpya," akasema, macho yakimlenga. "Nataka yangu ya kwanza. Sikuiacha mimi."

Sikuwa na la kumjibu. Ni kweli hakuiacha yeye.

Wasomaji wenye jamaa kwingineko, mambo si sawa kila mahali. Canada humtaka mkaazi awe nchini siku 730 katika kila miaka mitano, lakini ukaazi haupotei wenyewe kwa kukaa nje. Mpaka uamuzi utolewe, na afisa huweza kuzingatia sababu za utu, kama vile kuwa mtoto aliyechukuliwa na wazazi. Uingereza ni kali kidogo. Ukikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo, ukaazi wa kudumu kwa kawaida hukatika, na utaomba viza ya kurejea ukionyesha uhusiano wako na nchi ile.

Na wewe unayeamua kujaribu kuingia Marekani na kadi yako ya zamani, ukiwekewa mezani fomu I-407, soma kabla ya kushika kalamu. Hiyo ni ya kukubali kwamba umeuacha ukaazi kwa hiari. Hulazimishwi kutia sahihi; una haki ya kuomba jambo lako lisikizwe na jaji wa uhamiaji.

Tuliagana wakiwa na kazi ya kufanya. Baba atume nakala ya cheti chake cha uraia na aanze ombi wiki hiyo hiyo. Binti naye atafute barua ya shule ya Minnesota, tiketi ya zamani na pasipoti aliyosafiria, akamwonyeshe wakili wa uhamiaji iwapo njia ya mkaazi anayerejea ingali na pumzi.

Nyanya alikuwa ameshikilia ile kadi. Aliniuliza kama ubalozini wataichukua, kisha akaifunga tena kwenye leso.