MAKARATASI YAPUNGUE, MAJARIBIO YABAKI

Wenye viwanda vya kadiri hapa Tanzania, vya mafuta ya kula, sukari na spiriti, hulalamika kuwa kanuni za vifaa vya kinga, yaani ving'ora na swichi za kuzima mtambo hatari ikija, ni nzito mno. Sisi twakubali nusu. Kanuni ya kimataifa IEC 61511, iliyotoka 2003 na kusahihishwa 2016, imeandikwa kwa lugha ya mabingwa, na kiwanda chenye fundi umeme mmoja hakina bingwa wa kuifasiri.

Lakini asije mtu akatuambia kuwa kurahisisha ni kuacha kujaribu vifaa. Huko Buncefield, Uingereza, tarehe 11 Desemba 2005, kipimo cha tangi la petroli kilikwama. Swichi ya akiba, iliyowekwa makusudi ili petroli isimamishwe tangi likijaa, nayo haikufanya kazi. Kwa nini? Kufuli dogo la kuishikilia mahali pake halikufungwa. Waliofunga mtambo walidhani ni la kuzuia watu wasiichezee tu. Petroli ikafurika, ukatokea mlipuko, watu 43 wakaumia. Na hiyo ni nchi yenye makaratasi tele!

Basi twataka hivi: kila kifaa cha kinga kiwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, ubandikwe pale pale kilipo, useme kinazuia hatari gani, kinajaribiwaje, lini, na nani. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi utoe mfano, na mkaguzi aanzie hapo kabla ya kufungua majalada ofisini. Nanyi wanachama mlio viwandani, ulizeni wiki hii: swichi ya tangi letu ilijaribiwa lini?