Mgonjwa Haulizwi Uji? Nafasi ya Kiswahili katika Miswada ya Usimamizi wa Huduma za Afya

Wahenga walinena kuwa mgonjwa haulizwi uji. Walimaanisha kwamba mhitaji hupewa, hasumbuliwi kwa maswali. Taaluma ya usimamizi wa huduma za afya imeukiuka usemi huu makusudi, na kwa sababu njema. Siku hizi mgonjwa huulizwa. Huulizwa alisubiri kwa muda gani kabla ya kuonwa, kama alielezwa namna ya kutumia dawa, kama aliheshimiwa, na kama angependa kurudi katika hospitali iyo hiyo. Majibu yake hukusanywa, huchanganuliwa, na hatimaye huandikiwa mswada unaopelekwa kwa mhariri wa jarida. Nchini Kenya, maswali hayo aghalabu huulizwa kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, msomaji anaweza kuupitia mswada uliokamilika kutoka ikisiri hadi marejeleo asikutane na sentensi hata moja ya lugha hiyo. Makala haya yanashikilia kuwa pengo hili halihusu hadhi ya lugha tu. Ni pengo la ushahidi, na mahali pa kuliziba ni katika maandalizi ya mswada wenyewe.

Anayeandaa mswada wa aina hii hakosi mwongozo. Umbo lake linajulikana: utangulizi, mbinu za utafiti, matokeo na mjadala. Baadhi ya majarida hudai zaidi ya hayo. Health Care Management Review, jarida la Marekani lililoanza kutoka mwaka wa 1976, hutaka ikisiri igawanywe katika sehemu maalumu, mojawapo ikiwa ni ile inayoeleza wasimamizi wafanye nini kutokana na matokeo. Kwa tafiti za mahojiano ipo orodha ya ukaguzi iitwayo COREQ, iliyochapishwa mwaka wa 2007 na yenye vipengele 32. Orodha hiyo humtaka mtafiti aseme nani aliyehoji, alikuwa wa jinsia gani, mahojiano yalichukua muda gani, kama kinasa sauti kilitumika, na kama maneno ya wahojiwa yamenukuliwa. Ni orodha nzuri, na imewazindua watafiti wengi. Lakini katika vipengele vyote hivyo 32 hakuna hata kimoja kinachouliza mahojiano yalifanywa kwa lugha gani, wala nani aliyeyatafsiri. Mtafiti anaweza kuijaza orodha hiyo yote, akapita, na msomaji asijue kuwa kila neno lililonukuliwa liligeuzwa kutoka lugha nyingine.

Je, kuna hasara gani? Ichukuliwe kuwa mama mmoja mzee ameketi kwenye benchi la hospitali ya kaunti tangu alfajiri. Saa nane mchana anapewa dawa, na papo hapo mtafiti anamwendea na hojaji. "Je, umeridhika na huduma uliyopata leo?" Mama anajibu, "Nimeridhika, mwanangu. Tutafanyaje?" Mtafiti anatia alama kwenye kisanduku cha walioridhika na kumwendea mwingine. Mwanafunzi wa Kiswahili anayelisikia jibu hilo hawezi kutia alama haraka hivyo. Kuridhika ni kupendezwa na jambo, lakini pia ni kukubali kilichopo, kutonung'unika, kuwa radhi na majaliwa. Swali dogo lililofuatia, "Tutafanyaje?", ndilo lenye kubeba uzito wa jibu zima. Isitoshe, mbele ya mama huyo amesimama mtu mwenye kalamu mkononi na kitambulisho kifuani, ambaye kwake ni mwenyeji wa mahali pale. Kumlalamikia mwenyeji usoni ni utovu wa adabu. Katika jedwali la matokeo, subira na adabu za mama huyo zitasomwa kuwa ni sifa kwa hospitali.

Mifano ya namna hii ni mingi. Hojaji ikiuliza "daktari alikueleza nini?", mhojiwa atataja maelezo aliyopewa na muuguzi, afisa wa kliniki au hata mhudumu wa duka la dawa, kwa kuwa kwa wagonjwa wengi kila avaaye koti jeupe ni daktari. Swali linalohusu faragha likitafsiriwa kwa neno "usiri", mhojiwa anaweza kudhani anaulizwa kama kuna jambo hospitali inalificha. Kiwango cha katikati katika vipimo vya maoni hutafsiriwa mara "sina hakika", mara "sina maoni", mara "wastani". Asiye na hakika ni mtu anayetafuta jibu. Asiye na maoni huenda hataki kulitoa. Anayesema "wastani" amekwisha kulitoa. Wote watatu huandikwa nambari moja katika kompyuta, kisha wastani wao hupigwa kwa desimali mbili.

Watafiti makini wanalijua tatizo hili, na wengi hujitetea kwa tafsiri rejeshi, mbinu iliyopata umaarufu kupitia kazi ya Richard Brislin ya mwaka wa 1970. Hojaji hutafsiriwa kutoka Kiingereza hadi Kiswahili na mtu mmoja, kisha mwingine asiyeiona hojaji ya awali huirudisha katika Kiingereza, na matini mbili za Kiingereza zikalinganishwa. Mbinu hii hufichua makosa ya wazi, na haipasi kudharauliwa. Udhaifu wake ni kwamba inakagua safari ya maneno kati ya wasomi wawili waliofundishwa istilahi zile zile. Wa kwanza atatumia "kuridhika", wa pili atalirudisha bila shida katika neno la Kiingereza lililokusudiwa, na matini zitalingana. Mama wa kwenye benchi hakuhusishwa. Ukaguzi unaofaa zaidi ni wa kumsomea mgonjwa swali na kumwomba alieleze kwa maneno yake mwenyewe kabla ya data kuanza kukusanywa. Kazi hiyo haihitaji mitambo. Inahitaji sikio la lugha na muda wa kusikiliza.

Uzito wa suala hili haukomei kwenye kurasa za majarida. Katiba ya mwaka wa 2010 iliigatua sehemu kubwa ya huduma za afya, na tangu mwaka wa 2013 serikali za kaunti ndizo zinazosimamia zahanati, vituo vya afya na hospitali zilizo chini yao. Msimamizi anayeamua pesa ziende kwa wauguzi zaidi, kwa dawa au kwa ukarabati wa wodi anastahili kuongozwa na ushahidi. Akisoma kuwa wagonjwa wanane kati ya kumi wameridhika, ana haki ya kuamini kuwa foleni si tatizo. Ikiwa wanane hao walikuwa wakisema "tumezoea", basi kosa la neno moja limegeuka kuwa foleni ya mwaka mwingine, na anayelilipia kosa hilo ni yule yule aliyeulizwa.

Wapo watakaopinga kwamba jarida lina kikomo cha maneno, na kwamba wahakiki wa ng'ambo hawasomi Kiswahili. Hoja hizi zina msingi, ila hazitoshi. Kueleza katika sehemu ya mbinu kuwa mahojiano yalifanywa kwa Kiswahili, kwamba tafsiri ilifanywa na watu gani, na kwamba maneno fulani yalizua ubishi ukasuluhishwa kwa njia fulani, hakuhitaji zaidi ya aya moja. Hojaji yenyewe ya Kiswahili inaweza kuwekwa katika viambatisho, ambavyo majarida mengi huvipokea kando ya matini kuu. Nukuu chache muhimu zinaweza kuchapishwa kwa Kiswahili, tafsiri ikifuata chini yake. Kuhusu ikisiri, mfano upo: jarida la Shirika la Afya Duniani, Bulletin of the World Health Organization, huchapisha ikisiri za makala yake kwa Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania na Kirusi pamoja na Kiingereza. Majarida ya afya yanayochapishwa Afrika Mashariki hayana haja ya kungoja ruhusa ya yeyote ili kufanya vivyo hivyo kwa Kiswahili.

Hata hivyo, si haki kuitupia lawama yote taaluma ya afya. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Aghalabu, mtaalamu wa Kiswahili akipewa hojaji hukimbilia kamusi ya istilahi na kuirudisha ikiwa sanifu kupindukia. Huandika "shinikizo la damu" pale ambapo mgonjwa anajua "presha". Huandika "homa" bila kukumbuka kuwa kwa Wakenya wengi neno hilo ni mafua, ilhali kwa wengine ni joto la mwili. Husahau kwamba kijana wa Nairobi ataeleza maumivu yake kwa Sheng, na kwamba mzee wa bara huenda anakitafsiri Kiswahili chenyewe kutoka lugha yake ya kwanza. Usanifu ni nguzo ya taaluma, lakini hojaji si insha ya mtihani. Usahihi wake hupimwa kwa kueleweka na yule anayeulizwa. Mtaalamu anayetaka nafasi katika utafiti wa afya sharti kwanza aende akasikilize watu wanavyozungumza kwenye foleni.

Akishafanya hivyo, nafasi yake itambuliwe. Ilivyo mara nyingi, mwanafunzi wa Kiswahili huitwa dakika za mwisho, hupewa rundo la mahojiano ayatafsiri kwa malipo kidogo, na jina lake halionekani popote. Kanuni za Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba zinasema wazi kuwa mwandishi ni yule aliyechangia kwa kiasi kikubwa, akashiriki kuandika au kuhakiki mswada, akaidhinisha toleo la mwisho, na akakubali kuwajibikia kazi hiyo. Kutafsiri peke yake hakutimizi masharti hayo, na si vyema kudai visivyostahili. Lakini aliyetafsiri anastahili kutajwa katika shukrani. Na aliyeshiriki kuunda maswali na kufasiri maana ya majibu amechangia kiini cha utafiti, hivyo apewe fursa ya kuyatimiza masharti yaliyosalia badala ya kufungiwa nje wakati wa kuandika.

Hatua zinazofaa si ngumu. Idara za Kiswahili na vitivo vya afya katika vyuo vikuu vinaweza kukubaliana kwamba hojaji yoyote ya Kiswahili ipitiwe na pande zote mbili kabla ya kufikishwa kwa kamati ya maadili ya utafiti. Tasnifu za uzamili za Kiswahili zinaweza kuchunguza lugha ya vyumba vya matibabu kwa bidii ile ile inayotumiwa kuchunguza riwaya na mashairi. Vyama vya wanafunzi vinaweza kuweka hazina ya maswali yaliyokwisha kujaribiwa, ili kila mtafiti asianze upya na kurudia makosa ya mwenzake. Naye anayeandaa mswada, kabla ya kuutuma kwa mhariri, ajiongezee kipengele cha 33 katika orodha yake: mgonjwa alisema nini hasa, na kwa lugha gani?

Ibara ya 7 ya Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitenga siku hiyo mwaka wa 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hotuba husomwa na ngoma huchezwa. Sherehe hizo ni za haki. Lakini heshima ya lugha hudhihirika pia mahali pasipo na jukwaa, katika aya moja ya mbinu za utafiti inayokiri kuwa mama yule alisema "Nimeridhika, mwanangu. Tutafanyaje?" na isiyokata jibu lake katikati. Ikiwa wakati umefika wa kumuuliza mgonjwa uji, basi asikilizwe hadi amalize kujibu.