Tujue Miji Yetu: Kalemie, mlango wa ziwa

Katika safari yetu ya miji ya mashariki, juma hili tunafika Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika. Wengi wetu tunaujua mji huu kwa sababu ya ndakala na mikebuka wanaofika sokoni. Lakini kuna jambo lingine ambalo kila mama anayeishi kando ya ziwa anapaswa kulijua: Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao uko Kalemie.

Mlango huo ni mto Lukuga. Mito inayoingia ziwani ni mingi, kama Ruzizi upande wa Uvira na Malagarasi upande wa Tanzania. Unaotoka ni Lukuga peke yake. Unaelekea magharibi mpaka Lualaba, na hivyo maji ya ziwa letu yanakwenda mpaka bahari ya Atlantiki. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470 hivi, ni la pili kwa kina duniani, na nchi nne zinaligawana: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia.

Zamani mlango huo uliwahi kuziba. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika Lukuga akaukuta umejaa majani, maji yakipita kwa shida. Ziwa likaendelea kupanda miaka michache, mpaka maji yalipovunja kizuizi na kujifungulia njia.

Mji ulianza mwaka 1891, wakati kapiteni Jacques, Mbelgiji, alipojenga ngome ya kupigana na wafanyabiashara wa watumwa. Ukaitwa Albertville. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika ziwani, na baadaye mizigo ikaanza kuvuka kati ya Kalemie na Kigoma, ambako reli ya Dar es Salaam ilikuwa imeshafika. Baadaye kilikuja kiwanda cha nguo cha Filtisaf, kilicholisha jamaa nyingi kabla ya kufungwa. Jina la Kalemie lilikuja baada ya uhuru.

Mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, Kalemie ikawa makao makuu ya jimbo jipya lenye teritware sita: Kabalo, Kalemie, Kongolo, Manono, Moba na Nyunzu. Gavana ndiye mkuu wa jimbo. Mji una meya wake na komine tatu: Kalemie, Lac na Lukuga. Kila komine ina burugumestre, na chini yake kuna mashefu wa kartye. Tunayataja haya kwa sababu mama mwenye shida ya parsele asikimbilie kwa gavana; aanze kwa shefu wa kartye, halafu aende komine.

Na shida ya parsele ipo kweli. Mwaka 1964 ziwa lilipanda sana. Likapanda tena 2021 na 2024, maji yakaingia nyumbani mwa watu Kalemie, Uvira na hata Bujumbura. Mvua zikizidi, maji mengi yanaingia ziwani kuliko Lukuga inavyoweza kutoa. Na mchanga na majani yakijaa mtoni, njia inazidi kuwa ndogo. Ndiyo maana usafi wa Lukuga si kazi ya Kalemie peke yake. Nchi zote nne zilitia sahihi mapatano ya kulinda ziwa mwaka 2003.

Sisi wamama tufanye nini? Kabla ya kununua parsele karibu na maji, tuwaulize wazee maji ya 1964 yalifika wapi, kisha tuulize komine kama mahali hapo panaruhusiwa kujengwa. Kiangazi ziwa linarudi nyuma, na mchanga mkavu unauzwa kwa bei rahisi. Masika yakija, mwenye kuuza hayupo tena. Tusilime kwenye kingo za mto, tusitupe taka mtoni. Na kwenye mikutano ya kartye tuulize wazi: kazi ya kusafisha Lukuga imefika wapi?

Maji hayabishi hodi. Yakikosa mlango wao, yanapita kwenye mlango wetu.

Juma lijalo tutakuwa Kongolo. Mbaki na amani.