Kamina: maganda ya ndizi yajaribiwe dhidi ya kutu

Kwa familia iliyokimbia vita na kufika Kamina na jembe moja na kisu kimoja, kutu ni mwizi. Chumvi humsaidia mwizi huyo. Kisu kilichokata samaki ya chumvi kutoka upande wa Bukama, kikiwekwa bila kuoshwa, huliwa haraka kuliko kile kilichonyeshewa mvua tu.

Dawa za kiwandani za kuzuia kutu ni ghali. Lakini watafiti wa nchi mbalimbali wameona kwamba maji yaliyochemshiwa maganda ya ndizi, embe au machungwa yana vitu vinavyojishika juu ya chuma na kukikinga. Shida ni kwamba majaribio mengi yalifanywa ndani ya asidi, si ndani ya maji ya chumvi.

Basi shule za ufundi za Kamina zisingoje wengine. Inatosha misumari miwili iliyopimwa uzito na chupa mbili za maji ya chumvi, moja ikiongezwa maji ya maganda. Baada ya wiki mbili, misumari isafishwe kutu na kupimwa tena.

Kwa sasa, kisu kioshwe, kikaushwe, kipakwe mafuta ya mawese. Maganda yasiitwe takataka kabla ya kujaribiwa, wala yasiitwe dawa kabla ya kuthibitishwa.