KUTOKA HOSPITALI SI KUPONA

Ndugu wanaushirika na wananchi wote,

Kuna maneno yanasemwa kilabuni na kisimani, nasi wa ofisi ya tawi tumeyachoka. Eti mtoto kishaongezewa damu, basi kazi imekwisha. Eti kumrudisha kliniki mtoto anayecheza ni kupoteza muda. Maneno hayo yanaua watoto. Tunayapinga hadharani.

Damu ya kuongezewa ni ya kuazima. Mwili wa mtoto unahitaji wiki nyingi kutengeneza ya kwake. Akifika nyumbani, mbu wale wale wanamngoja. Malaria ikiingia tena, inakula damu ambayo bado haijatosha. Hapo ndipo tunapozika.

Haya si ya kubuni. Kenya na Uganda walichunguza watoto zaidi ya 1,000 wa chini ya miaka 5, waliolazwa kwa upungufu mkubwa wa damu. Walipotoka, nusu walipewa dawa ya mseto yenye piperakwini, ambayo hukaa mwilini muda mrefu. Walipewa siku 3 mfululizo, katika wiki ya 2, ya 6 na ya 10. Matokeo yalitoka mwaka 2020: katika miezi ile ya dawa, vifo na kurudishwa wodini vilipungua kwa asilimia 70. Dawa ilipokwisha, kinga nayo ikaisha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kinga ya namna hiyo kwa sehemu zenye malaria nyingi.

Sasa wako wapi wanaosema kazi imekwisha? Baba ana nauli ya mnadani kila mara, ya kliniki hana. Chandarua cha mtoto kimezungushiwa miche ya nyanya. Kazi yote kaachiwa mama, naye ana jembe, ana kuni, ana watoto wengine. Huo si ushirika. Huo ni unyonyaji ndani ya nyumba.

Kwa hiyo tunasema:

1. Kabla ya kutoka wodini, mzazi aulize: mtoto wangu atapata kinga ya malaria baada ya kuruhusiwa? Lini? Wapi? Asinunue vidonge dukani kwa kubahatisha.

2. Kila balozi ajue nyumba yenye mtoto aliyeongezewa damu, na tarehe zake za kurudi.

3. Mkutano ujao wa ushirika utenge fedha ya nauli. Mzazi akopeshwe, akatwe wakati wa mauzo.

4. Chandarua kirudi kitandani leo. Homa ikianza, zahanati siku hiyo hiyo.

Na kama dawa hiyo kwetu haipo, diwani aulizwe mbele ya mkutano wa kijiji, ajibu.

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa vikundi kusikiliza Mtu ni Afya redioni, kisha wakafyeka majani na kufukia madimbwi. Je, sisi tutashindwa kukumbuka tarehe tatu?

Ni sisi,
Ofisi ya Tawi
(Katibu)